Mtu wa Kompyuta Hospitalini

Leo nataka kuzungumzia kazi ambayo wengi wenu mmeonja matokeo yake bila kumwona mwenye kuifanya. Umefika hospitali alfajiri, umepanga foleni, zamu yako imewadia, na dada wa dirisha la malipo anakwambia bila kuinua uso, "Mtandao hakuna, subirini kidogo." Kidogo hicho chaweza kuwa robo saa, chaweza kuwa mpaka adhuhuri. Watu wanaguna. Mzee mmoja anauliza kwa sauti, enzi zile za kadi na peni mtandao ulikuwa ukikatikia wapi. Na huko nyuma ya jengo kuna mtu anatoka mbio, bisibisi mfukoni na simu sikioni, anapenya katikati ya machela hata salamu hatoi. Huyo ndiye wangu wa leo. Nimekula mshahara wa kazi hiyo miaka mingi, basi mniwie radhi nikielemea upande wake.

Kwanza nimtetee. Pale dirishani kila hitilafu hupewa jina la mtandao, lakini mara nyingi intaneti haina kosa lolote. Umeme umekatika, jenereta imeitikia baada ya sekunde kadhaa, ila betri ya akiba iliyopaswa kushikilia sekunde hizo ilikufa zamani, na ombi la kununua nyingine bado linazunguka kwenye meza za manunuzi. Kwa hiyo swichi inayounganisha jengo zima la wagonjwa wa nje imezima, imewaka tena, na baadhi ya kompyuta hazijarudi. Au panya ametafuna kebo juu ya dari. Au printa ya risiti imekwama, na karani ambaye haruhusiwi kumpitisha mtu bila risiti ameisimamisha foleni nzima kwa sababu ya kipande cha karatasi.

Mara nyingine mfumo wa hospitali wenyewe ni mzima kabisa, unachosubiri ni jibu kutoka nje. Hapa Tanzania, tangu 2017, malipo ya taasisi za serikali yanapitia mfumo mmoja wa kielektroniki wa Wizara ya Fedha, GePG, ndio unaozalisha ile namba ya malipo mnayoiita kontro namba. Hospitali inaomba namba, namba inarudi, mgonjwa analipa kwa simu, kampuni ya simu inapeleka taarifa, taarifa inarudi hospitali, na hapo ndipo dirisha la maabara linaona kwamba huyu kalipa. Safari yote hiyo ikienda sawa ni sekunde chache. Ikikatika katikati, mama amekatwa pesa kwenye simu yake, ujumbe anao, na maabara wanamwona mdaiwa. Mwenye bima naye ana safari yake: kadi lazima ihakikiwe kwenye kompyuta za mfuko wa bima kabla hajamwona daktari, na kompyuta hizo haziko chini ya hospitali wala haziko mkoani kwake.

Ufundi wa kwanza wa kazi hii basi ni kujua, kati ya hayo yote, lipi limetokea leo. Na hulijui kwa kukaa mbele ya skrini. Vijana wanaotoka chuoni huja wamebeba lugha za programu, wanajua kutengeneza tovuti, wanajua hifadhidata. Ni mtaji mzuri. Lakini wiki ya kwanza mimi huwaambia waache kompyuta kwenye begi, wamfuate mgonjwa mmoja kwa miguu kuanzia getini. Mapokezi. Dirisha la malipo la kumwona daktari. Kiti cha nesi anayepima presha na uzito. Daktari. Malipo tena, ya vipimo. Maabara. Kurudi kwa daktari. Malipo kwa mara ya tatu, ya dawa. Dirisha la dawa, na hapo anaambiwa moja kati ya dawa nne haipo, arudi kubadilishiwa. Mtu mwenye homa amesimama dirisha la malipo mara tatu, na kila mara kuna mkono wa kompyuta ndani yake. Kijana aliyetembea safari hiyo akaona mama mzee anavyoishia kuketi sakafuni kati ya dirisha la pili na la tatu, ndiye atakayekuja kuuliza kwa nini malipo ya kumwona daktari na ya vipimo yasitolewe mahali pamoja. Swali hilo lina thamani kuliko programu nyingi nilizowahi kuona zikizinduliwa kwa utepe na chai ya wageni.

Nimrudie mzee wetu wa kadi, maana hoja yake ina uzito. Enzi za karatasi hospitali zilikuwa na mfumo, tena mfumo mzito. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulienea nchini miaka ya 1990, na yale madaftari yake makubwa yenye namba bado yapo mpaka leo. Nesi wa zahanati anamaliza kliniki, wenzake wanaondoka, yeye anabaki na rula anajumlisha: watoto chini ya miaka mitano waliougua malaria wangapi, wanawake wangapi, wanaume wangapi, wajawazito waliohudhuria mara ya nne wangapi. Mwisho wa mwezi jumla inakwenda wilayani. Leo jumla hizo huingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2, uliotokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini baada ya 1994 kwa mikono ya watu wa vyuo vikuu vya Western Cape na Oslo. Kenya iliuweka nchi nzima 2011, na Tanzania ikausambaza miaka hiyo hiyo.

Ila DHIS2, kwa matumizi hayo, inahesabu watu bila kumfahamu yeyote. Inajua wilaya fulani ilikuwa na wagonjwa wangapi wa kuhara mwezi Machi. Haijui kwamba Bi Zuhura alikuja Machi, akaja Aprili, akaja Mei, na kila mara akapewa dawa ile ile isiyomfaa. Kumjua Bi Zuhura ni kazi ya mfumo mwingine, na hapo msikilizaji inabidi tufunge safari hadi Nandi nchini Kenya, kusini mwa Eldoret.

Kituo cha afya cha Mosoriot ni kituo cha kijijini. Mwaka 2001 madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, waliweka pale kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa, zikiwa na betri za sola za kuzilinda umeme unapopotea. Kumbuka mwaka: 2001. Ofisi nyingi za mijini wakati huo kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi. Na wale watu wakafanya jambo ambalo wenye miradi wengi hulikwepa: walipima mwendo wa kazi kabla ya kompyuta, wakapima tena baada ya kompyuta, wakachapisha walichokiona 2003. Muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kila mtu angeishia hapo na kupiga makofi. Lakini walisema pia kwamba muda wa mgonjwa kuwa mbele ya mhudumu wake ulipungua kwa asilimia 58, kwamba wafanyakazi waliongea wao kwa wao kwa theluthi moja tu ya muda wa zamani, na kwamba muda wao wa shughuli binafsi uliongezeka.

Mimi takwimu hizo nimezibeba kichwani maisha yangu yote ya kazi. Kompyuta ilileta muda, na muda ule haukwenda kwa mgonjwa. Ulikwenda kwenye chai. Simlaumu mtu kwa kunywa chai, zahanati zetu zina watu wachache na wamechoka. Ninachosema ni kwamba mashine haikuamua muda uende wapi. Inabidi mtu akae na mganga na manesi kabla, aulize: tukiokoa dakika kumi, tutazifanyia nini?

Kutoka kazi ile ya Mosoriot, na janga la UKIMWI lililokuwa likijaza wodi za Eldoret, ndipo ilipozaliwa 2004 programu huria ya OpenMRS, ambayo baadaye ilifika Rwanda na nchi nyingine nyingi, na ndiyo msingi wa KenyaEMR inayotumika kliniki za Kenya. Kwetu Tanzania kliniki za UKIMWI za tiba na matunzo zilikuwa na hifadhidata yao ya CTC2, hospitali za Kilutheri zilichukua programu huria ya Care2x, na hospitali za serikali zikaletewa GoT-HoMIS kutoka TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Nataja majina haya kwa sababu kijana anayetaka kazi hii atayakuta, na mara nyingi atayakuta mawili au matatu ndani ya hospitali moja, hayasemezani.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, pale panapouma. Watu wanadhani tatizo kubwa la kompyuta za hospitali ni virusi vya kompyuta au umeme. Nikiulizwa mimi, tatizo kubwa ni Amina Juma.

Mfumo unamtafuta mgonjwa kwa jina. Andika Amina Juma katika hospitali yoyote ya mkoa wa Pwani, Tanga au Kigoma, uone orodha itakayoshuka. Ongeza jina la tatu, anakuja mwingine aliyelisajili jina la mume mahali pa jina la babu. Khadija mmoja karani wa asubuhi kamwandika Hadija, wa jioni kamwandika Hatija. Umri nao: "Bibi una miaka mingapi?" "We andika sitini." Mfumo hauna pa kuandika "bibi anasema sitini", unataka tarehe, kwa hiyo unamzaa tarehe 1 Januari. Ukitazama kumbukumbu zetu utadhani nusu ya wazee wa nchi hii walizaliwa siku ya mwaka mpya. Wengine wanatafutwa kwa namba ya simu, na simu yenyewe ni ya mjukuu aliyehamia Dodoma.

Karani ana foleni ndefu. Akimtafuta kwa dakika moja na hakumpata, anamsajili upya. Ndivyo mtu mmoja anavyopata mafaili matatu: shinikizo la damu limo kwenye la kwanza, kisukari kimo kwenye la pili, na la tatu, jeupe kabisa, ndilo lililofunguka mbele ya daktari leo. Kwa daktari yule, huyu ni mtu asiye na historia.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mtu ameazima kadi ya bima ya dada yake. Nyumbani wanaliona jambo la huruma, na mimi umaskini naujua, sihukumu. Lakini kuanzia siku hiyo faili la dada lina wanawake wawili ndani yake. Mmoja alijifungua kwa upasuaji, mwingine hajawahi kuzaa. Mmoja ana mzio wa penisilini. Kundi la damu maabara hulipima tena kabla ya kuongeza damu, Mungu awazidishie maabara. Lakini hakuna anayepima tena mzio wa penisilini. Wanasoma kilichoandikwa.

Na watoto wachanga. Mtoto hajapewa jina, anasajiliwa "Mtoto wa Amina Juma". Wodini wako akina Amina Juma wawili, na mmoja amezaa mapacha. Kwa jirani wangekuwa Kulwa na Doto, wanajulikana mara moja. Kwenye mfumo ni "Mtoto wa Amina Juma" mara tatu, na majibu ya kipimo cha manjano yanarudi kutoka maabara yakitafuta mwenyewe. Hospitali yenye akili inamfunga mtoto bangili yenye namba ya mama na namba yake mwenyewe kabla hajatoka chumba cha kujifungulia, na mtu wa kompyuta ndiye anayehakikisha printa ya bangili ina karatasi saa nane za usiku. Hiyo ndiyo teknolojia ya afya, msikilizaji.

Kuunganisha mafaili mawili kuwa moja ni kubonyeza kitufe. Kuyatenganisha yaliyounganishwa kimakosa ni kazi ya wiki nzima, na pengine haitimii. Kwa hiyo nimeshikilia desturi moja, nao walio chini yangu nimewafundisha: hatuunganishi faili mpaka karani wa masijala na tabibu wakubaliane kwa pamoja, na ikiwezekana mgonjwa mwenyewe aulizwe. Wapo walioniona mkorofi kwa hilo. Ripoti ilikuwa inataka idadi ya mafaili yanayojirudia ipungue kabla ya ukaguzi. Nikawaambia yatapungua polepole.

Kuna jambo jingine linalohusu madaktari. Ugonjwa lazima uingizwe kwa msimbo, na orodha ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, ina misimbo zaidi ya 14,000. Daktari ana wagonjwa sitini nje, anaandika herufi tatu, orodha inashuka, anachagua lililo juu. Mwaka mzima. Kisha wizara inasoma na kuona ugonjwa fulani umepanda katika wilaya ile, semina inafanyika, wakati kilichopanda ni neno moja kwenye orodha. Dawa yake si kumfokea daktari. Kaa naye kliniki siku mbili, andika magonjwa anayoyaona kweli, yapange mbele yake kwa lugha anayoitumia. Ni kazi ya mchana mmoja ikishajulikana, na tofauti yake inaonekana kwenye takwimu za mwezi unaofuata.

Manesi je? Watu wa TEHAMA hupenda kulalamika kwamba manesi wanatumia neno la siri la mtu mmoja wodi nzima, tena limebandikwa kwa plasta kwenye skrini. Ni kweli, na ni hatari. Ila nenda kwanza usiku ukae kwenye wodi yenye manesi wawili na vitanda vimejaa, mfumo unajifunga kila baada ya dakika tano, mgonjwa wa kitanda cha mwisho anatapika, na ili kuandika joto la mtoto mmoja sista anatakiwa kuingiza herufi kumi na mbili zenye alama ya mshangao ndani yake. Ukitoka hapo utatafuta njia nyingine: kadi ya kugusa, alama ya kidole, au basi kompyuta iliyo karibu na vitanda badala ya ile moja iliyofungiwa ofisi ya matroni. Sheria isiyotekelezeka saa tisa za usiku, itavunjwa saa tisa za usiku.

Siri nayo ina sura nyingine ambayo haitoki nje ya nchi wala kwa wadukuzi. Mtoto wa jirani amelazwa, mtumishi anataka kujua ana nini. Mtu maarufu kaja usiku, asubuhi picha ya skrini iko kwenye kundi la WhatsApp. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinazitaja taarifa za afya kuwa za kulindwa kipekee. Mfumo mzuri unaandika kila aliyefungua kila faili na saa aliyolifungua. Kazi chungu ya mtu wa kompyuta ni kuisoma orodha hiyo na kumpelekea Mganga Mfawidhi majina ya watu anaokula nao mchana. Usipoweza hilo, tafuta kazi benki. Hapana, hata benki watakudai hilo hilo.

Na wadukuzi wapo pia. Tarehe 12 Mei 2017, siku ya Ijumaa, virusi vya WannaCry viliingia hospitali za Uingereza, vikafunga mafaili na kudai fidia. Taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa ziliathirika, na miadi iliyofutwa ilikadiriwa kuwa zaidi ya 19,000. Madaktari walirudi kwenye peni. Kinachoniuma katika habari ile ni kwamba Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha kuziba tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Lakini nani anazima kompyuta za hospitali ili aweke kiraka? Nani anagusa kompyuta iliyoshikamana na mashine ya eksirei, wakati waliouza mashine wamekataza kuguswa? Uingereza ni nchi tajiri, nayo ilikwama hapo. Sisi tunakwama hapo hapo, na zaidi tuna kompyuta za msaada zilizokuja na programu zilizokwisha muda wake.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi, najua ni ajabu kusikia hivyo kutoka kwa mtu wa kompyuta. Kila idara iwe na fomu za siku ya mfumo kulala: chache, zenye namba, zimechapwa mapema, zinajulikana zilipo. Mfumo ukirudi, kuna mtu aliyetajwa kwa cheo chake ambaye atayaingiza yaliyoandikwa kwenye fomu, na kuna muda wa mwisho wa kuyaingiza. Hospitali nyingi zina nusu ya kwanza ya mpango huu na hazina nusu ya pili. Fomu zinaandikwa, zinawekwa kwenye boksi la maji, na vipimo vya siku hiyo vinapotea milele. Nakala rudufu vilevile: kusema inachukuliwa kila usiku hakutoshi, irudishe kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka. Nimekuta mahali nakala ilikuwa ikichukuliwa kwa uaminifu mkubwa, kila usiku, kwenye diski ile ile iliyomo ndani ya seva ile ile.

Tuje kwenye ugali. Serikalini Tanzania utaingia kama Afisa TEHAMA Daraja la II, nafasi zinatangazwa na Sekretariati ya Ajira, na ukipangiwa halmashauri jiandae: unaweza kuwa wewe peke yako unayetazamwa na hospitali ya wilaya, vituo vya afya na zahanati zilizotawanyika, pamoja na printa ya Mkurugenzi. Pikipiki utaijua. Hospitali za mashirika ya dini zinakupa uhuru zaidi na mshahara wa wastani. Hospitali kubwa binafsi zinalipa vizuri na zinakupigia simu usiku. Kampuni zinazouza mifumo zinakuzungusha mikoani. Nilikofanya kazi daktari aliyeitwa usiku alikuwa na posho ya zamu, nesi alikuwa nayo, na mtu wa kompyuta aliyeitwa usiku huo huo alipewa ahsante. Hilo ni la kudai kwa barua, tena mapema, kabla hawajazoea kukuita bure.

Halafu kuna miradi. Kwa miaka ishirini sehemu kubwa ya ajira za takwimu za afya Afrika Mashariki, hasa kwenye kliniki za UKIMWI, zililipwa na fedha za Marekani. Mshahara ulikuwa mzuri, gari lipo, semina Mwanza, semina Kisumu. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na makarani wa takwimu wengi wakaambiwa wasirudi kazini. Kompyuta zilibaki mezani. Waliojua kuzitumia ndio walioondoka, na manesi wakarudi kujumlisha wenyewe. Sisemi msichukue kazi za miradi. Chukueni, mjifunze, mlipe ada za wadogo zenu. Lakini hospitali inayotegemea mtu ambaye hayumo kwenye ikama yake haina mfumo, imeazima.

Mzazi mmoja ameniuliza: binti yake alitaka udaktari, alama hazikutosha, je, hii ni njia ya kuingilia hospitali kwa mlango wa nyuma? Mama, mlango ni wa mbele. Chuo Kikuu cha Dodoma wana shahada ya mifumo ya taarifa za afya. Kenya, vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC vinatoa diploma ya kumbukumbu na teknolojia ya habari za afya, na taaluma hiyo ina sheria yake tangu 2016. Ukiwa na diploma ya kompyuta ya kawaida inatosha kuanzia, biolojia na majina ya dawa utayaokota njiani ukiwa na masikio. Mtu aliyesoma uuguzi kisha akajifunza kompyuta, huyo ndiye adimu kuliko wote. Ninaowafahamu wa aina hiyo huwa hawamalizi barua moja ya maombi kabla hawajaitwa.

Ila amtume binti kwenye mafunzo kwa vitendo kwanza, likizo hii. Barua iandikwe kwa Mganga Mfawidhi, ipelekwe kabla ya Juni maana Julai wanafunzi wa vyuo hufurika. Na aombe apangiwe masijala ya mafaili, asikubali kukaa ofisi ya TEHAMA kubadilisha wino wa printa. Masijala watamuonyesha akina Amina Juma wote, na akirudi nyumbani atakuwa anajua kama kazi hii anaitaka.